Chombo Kilale Majini Kabla Hujalipa

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu anayeishi Chamwino, mkoani Dodoma. Ametenga shilingi milioni 4 kutoka katika kiinua mgongo chake ili aanze uvuvi wa perege na kambale katika Bwawa la Mtera, akishirikiana na mpwa wake ambaye amevua huko kwa misimu kadhaa akiwa kibarua katika vyombo vya watu. Wameonyeshwa boti ya mbao yenye urefu wa futi 24, iliyoundwa Mwanza miaka 11 iliyopita na kuletwa Mtera kwa lori, pamoja na mashine ya HP 15 (nguvu za farasi 15), ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli. Mwenye chombo anataka shilingi milioni 3 na laki 6 kwa vyote viwili, na anasema yuko mnunuzi mwingine anayekuja Jumamosi. Mwalimu anauliza: "Kwa umri huo, boti bado ni ya kununua? Na nitajuaje kwamba sinunui kuni?"

Shikamoo Mwalimu. Nianze na huyo mnunuzi wa Jumamosi, kwa sababu ndiye anayekuharakisha. Katika miaka yangu ya kuunda na kukarabati vyombo sijawahi kuona boti kuukuu inayouzwa bila mnunuzi wa Jumamosi. Kila muuzaji anaye, na mara nyingi Jumatatu boti bado iko mwaloni. Mwache aje. Wewe unahitaji usiku mbili, na nitakueleza kwa nini.

Umri wa miaka 11 haunitishi, wala haunipi matumaini. Boti ya mbao haizeeki kwa miaka kama binadamu, bali huzeeka kwa namna ilivyotunzwa, kwa aina ya mbao na misumari iliyotumika, na kwa mahali ilipolala wakati haifanyi kazi. Nimeona chombo cha mvule kilichopita miaka 15 kikigongwa na kutoa sauti kavu kama mlango mpya, na nimeona cha paini, kutokana na mbao za bei nafuu zinazoteremka kutoka Mufindi, kikiwa kimeoza kwenye mkuku, yaani boriti ya chini inayobeba boti nzima, kabla hakijamaliza msimu wa nne. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa muuzaji lisiwe "ina miaka mingapi?" bali "imeundwa kwa mbao gani, na imekaa nchi kavu kwa muda gani?" Hilo la pili ndilo linalosahaulika, na kwa hali ya hewa yetu ya kanda ya kati ndilo lenye uzito zaidi.

Jua la Dodoma na Iringa, pamoja na upepo mkavu unaovuma kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, hukausha mbao kiasi cha kuzifanya zinywee. Boti iliyopandishwa nchi kavu miezi mitatu maungio yake hufunguka, na ukisimama ndani yake ukaangalia upande wa jua unaweza kuona mwanga ukipenya katikati ya ubao na ubao. Mtu asiyejua ataikimbia, na pengine atakuwa amekimbia chombo kizuri, kwa sababu mbao nzima zikirudishwa majini hunywa maji, huvimba na kubanana, na kile kilichokuwa kikivuja kama chujio jioni ya kwanza huwa kinatoa jasho tu siku ya tatu. Kinyume chake ndicho cha hatari. Muuzaji mjanja hununua lami na rangi, akaziba kila mwanya, akapaka samawati inayong'aa, na boti ikiwekwa majini saa moja mbele yako haivuji hata tone.

Hilo lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa tayari ninajiita fundi. Nilikwenda upande wa Migoli, ng'ambo ya Iringa ya Mtera, kutazama vyombo viwili vilivyokuwa vimelala ubavu kwa ubavu. Cha kwanza kilipowekwa majini kilijaa hadi vifundoni, na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu pale wakacheka. Cha pili kilikaa kikavu. Nikanunua cha pili. Wiki mbili baadaye, nikiwa na watu wawili na samaki wachache, upepo ulipoamka kiliachia ubao wa tatu kutoka chini, na tulifua maji kwa ndoo ya rangi hadi ufukweni. Nilipokibandua ile lami nilikuta chini yake kiraka cha bati, chini ya bati nikakuta ubao uliolainika kama andazi lililotiwa chai, na vichwa vya misumari nilivyovigusa kwa kidole vilimeguka vikabaki unga mwekundu mfano wa pilipili ya kusaga. Kile cha kwanza kilichochekwa kilinunuliwa na mzee mmoja, akakizamisha kwa makusudi siku tatu kwenye maji ya kina kifupi, akakikalafati, yaani akaziba maungio yake kwa pamba, na kilivua miaka mingi.

Kwa sababu hiyo ninakuomba boti hiyo ya Mwanza ilale majini usiku mbili kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Fanya hivi: jioni ya kwanza mpwa wako afue maji yote, akaushe ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya boti ambako maji hukusanyika, kwa dekio, kisha asimamishe kijiti katika sehemu ya chini kabisa ya boti na kuweka alama. Asubuhi pimeni kina cha maji, yaandikeni, mfue tena, na jioni ya pili mrudie. Kinachotafutwa si boti isiyoingiza maji, kwa maana boti kuukuu ya mbao isiyoingiza maji kabisa ni ya kutiliwa shaka. Kinachotafutwa ni tofauti ya usiku mmoja na mwingine. Kama usiku wa kwanza yaliingia maji ya inchi 4 na wa pili yakaingia ya inchi moja na nusu, mbao zinavimba na chombo kinajifunga chenyewe. Kama usiku wa pili ni sawa na wa kwanza, au umezidi, basi uvujaji hautokani na ukavu bali na ubao uliooza, msumari ulioliwa au taruma (mti wa ndani unaoshikilia mbao za ubavu) lililovunjika, na hapo bei yoyote utakayokubaliana ni bei ya kuanzia tu. Muuzaji akikataa boti isilale majini, mshukuru, mpe nauli yake ya pikipiki, na urudi Chamwino.

Kabla ya kuitia majini, ikiwa bado iko mchangani, chukua bisibisi ya kawaida na nyundo ndogo. Gonga kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma), ubao mmoja baada ya mwingine, na usikilize. Mbao nzima hujibu kwa sauti kali na fupi; iliyooza hujibu bubu, kama unagonga gunia. Pale inapojibu bubu, sukuma ncha ya bisibisi: ikizama kwa nguvu ya mkono tu, bila nyundo, ubao huo ni wa kubadilishwa. Sehemu tatu zipewe muda mrefu kuliko nyingine. Ya kwanza ni pale mkuku unapokutana na ubao wa kwanza, kwa kuwa maji ya ngama hutuama hapo usiku na mchana. Ya pili ni miguu ya mataruma, ndani, chini ya mbao za kukanyagia, ambazo lazima uzing'oe hata kama mwenye boti atanuna. Ya tatu ni ubao wa tezi unaofungiwa mashine, kwa sababu hubeba uzito, mtikisiko na msukumo wote. Mwombe mtu aishike mashine na kuitikisa mbele na nyuma huku wewe ukitazama maungio kwa ndani, na ukiona yanapumua, fahamu kwamba siku moja mashine inaweza kuondoka na ubao wake.

Ukiona weusi umeuzunguka msumari kama doa la wino, hiyo ni dalili ya chuma kinacholika ndani ya mbao, na mbao yenyewe hapo huanza kufa. Doa moja moja si tatizo. Safu nzima ya madoa inamaanisha kwamba fundi alitumia misumari ya kawaida badala ya ile iliyopakwa zinki, na kuitoa na kuipiga upya ni kazi ya wiki.

Kuna jambo linalowapotosha wanunuzi wengi wa kwetu, nalo ni dhana kwamba chombo cha maji baridi hakiozi kama cha baharini. Baharini kuna wadudu wanaotoboa mbao, na kweli hawaishi katika maji baridi, lakini chumvi yenyewe huzuia ukungu unaoozesha mbao. Maji ya mvua yanayotuama ndani ya boti iliyoegeshwa ndiyo adui mkubwa zaidi, na boti nyingi za maziwa na mabwawa hufa kwa kuoza kutoka ndani kwenda nje. Ndiyo maana nakusihi uangalie ndani kwanza, ambako rangi haikufika.

Hiyo safari ya lori kutoka Mwanza nayo ina habari zake. Ni karibu kilomita 700 hadi Dodoma, kisha kilomita nyingine 120 hivi kushuka Mtera, na boti ya futi 24 iliyofungwa juu ya fuso bila matairi au magunia ya kuilalia hutikisika kiasi cha kulegeza kila msumari. Uliza ilisafirishwa lini. Kama imeshavua misimu miwili Mtera tangu ifike, udhaifu wa safari umeshajionyesha na pengine umeshatengenezwa; kama ilifika mwezi uliopita, wewe ndiwe utakayeugundua.

Sasa tuzungumzie maji yenyewe, maana chombo hununuliwa kwa ajili ya maji fulani na si kwa ajili ya maji yote. Boti za Mwanza huundwa kwa ajili ya Ziwa Victoria: zina omo lililoinuka, mkuku mrefu wenye kina, na ubavu wa kukata mawimbi marefu. Mtera si ziwa la namna hiyo. Ni bwawa lililojengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu na kukamilika mwaka 1980, likiwa ghala la maji la kituo cha umeme cha Kidatu kilichoko mbele yake, na tangu 1988 likaendesha pia mitambo yake yenyewe ya megawati 80. Maji yake yakijaa kabisa husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini kinachoruhusiwa kwa kuzalisha umeme ni mita 690. Tofauti hiyo ya mita 8 na nusu inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa kuwa bwawa ni pana na kitako chake ni tambarare, maji yakishuka ufukwe hukimbia mbali sana, na mahali ulipoegesha chombo mwezi wa tano huwa malisho ya ng'ombe mwezi wa kumi na moja. Mwaka 2015 ukame ulikuwa mkali kiasi kwamba mwezi wa kumi mitambo ya umeme wa maji nchini ilizimwa. Fikiria hali ya mvuvi aliyekuwa na boti nzito wakati huo.

Boti yenye mkuku wa kina, Mwalimu, itakwama kwenye tope pale ambapo mtumbwi wa jirani unateleza, na itahitaji watu sita kuisukuma. Zaidi ya hapo, bwawa lilipojaa lilimeza miti iliyokuwa bondeni, na mingi bado imesimama mikavu, mingine ikiwa juu ya maji ambako ndege hutua, mingine ikiwa imekatika sentimita chache chini ya uso. Visiki hivyo ndivyo vinavyotoboa vyombo na kukata pangaboi. Kwa hiyo pima kina cha mkuku wa boti hiyo kwa rula, na chunguza kwa makini mbao mbili za chini kila upande. Ukikuta zimebadilishwa, usiogope. Mtu aliyebadilisha mbao za chini vizuri ameshakulipia sehemu ya ukarabati.

Kama ungekuwa unafikiria Bwawa la Hombolo, lile la mwaka 1957 karibu na jiji, ningekwambia usahau mashine kabisa na ununue mtumbwi wa kupiga kasia. Kwa Mtera mashine ina maana, hasa alasiri upepo unapoamka na kurudi kwa kasia kuwa vita. Lakini je, ni lazima iwe ya HP 15? Mashine ya aina hiyo ikikimbizwa kwa nguvu zote hunywa kama lita 6 za petroli kwa saa. Ukitega nyavu jioni na kuzitegua asubuhi, kwa dakika 40 za mwendo kila safari ya kwenda na kurudi, unazungumzia lita 8 kwa siku, na petroli ya mwaloni inayouzwa kwenye chupa ni ghali kuliko ya kituoni. Zidisha kwa siku 20 za mwezi, kisha umuulize mpwa wako ni kilo ngapi za perege zinazotosha kulipa hizo lita 160 kabla hamjagawana chochote. Yeye anajua hesabu hiyo kuliko mimi.

Katika ukaguzi wa mashine, sheria ya kwanza ni kuifika ikiwa baridi. Weka kiganja juu ya kichwa chake kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha alfajiri kwa sababu anajua inakataa ikiwa baridi; mwambie utarudi kesho yake bila kumtajia saa. Mashine nzima huwaka kwa kuvuta kamba mara mbili au tatu, na ikishawaka itoe mchirizi wa maji ya kupozea unaoruka kwa nguvu. Mchirizi ukilegea na kuwa wa kudondoka, pampu ya maji imechoka, na hicho ni kipuri cha bei ndogo, lakini kama imeendeshwa hivyo kwa muda mrefu pistoni zimeshaumia. Fungua plagi uzitazame: rangi ya kahawia ni afya, weusi wenye mafuta ni dalili ya mchanganyiko uliozidi oili au kabureta chafu, na moja ikiwa tofauti sana na nyingine kuna silinda inayosinzia. Kisha legeza skrubu ya chini ya giaboksi uache oili idondoke kidogo kwenye kiganja. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kupitia sili zilizochakaa. Hapo usibishane kwa maneno. Mwonyeshe kiganja, kisha taja bei yako.

Baada ya hayo, iendesheni nusu saa mkiwa watu wanne ndani, si ufukweni ikiwa imefungwa kwenye pipa, kwa sababu mashine isiyobeba mzigo husema uongo. Muulize pia mwenye mashine huchanganya oili kiasi gani. Kwa nyingi za aina hii kipimo ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na akijibu "huwa nakadiria kwa macho", ongeza hilo kwenye hesabu zako.

Turudi kwenye fedha. Una milioni 4 na unaombwa milioni 3 na laki 6, maana yake utabaki na laki 4 za nyavu, maboya, kamba, jaketi okozi za watu wawili au watatu, leseni, ukarabati na petroli ya mwezi wa kwanza. Haitoshi. Mimi hutenga theluthi ya fedha yote kwa ajili ya mambo yanayokuja baada ya kununua, na sijawahi kujuta kwa kutenga nyingi mno. Kwa mfuko wako hiyo inakuacha na milioni 2 na laki 6 na ushei za kununulia, na hapo ndipo ningesimama hata kama boti imefaulu usiku zote mbili. Tenganisha pia bei: mwambie muuzaji ataje boti peke yake na mashine peke yake. Mara nyingi utagundua kwamba mojawapo ndiyo anayoitaka iondoke na nyingine imewekwa kama kifuniko. Boti ikiwa nzima na mashine mbovu, chukua boti, anza kwa kasia karibu na ufukwe, na utafute mashine ndogo ya HP 8 au 9.9 baada ya msimu mmoja. Mashine ikiwa nzima na boti mbovu, hata hiyo si hasara, kwani mashine hubebwa kwenye bega na kwenda kufungwa kwenye chombo kingine. Usichukue vyote viwili kwa sababu tu vinauzwa pamoja.

Kuhusu karatasi nitasema kwa kifupi. Chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 chombo cha uvuvi husajiliwa, na huwa na leseni inayolipiwa kila mwaka, mbali na leseni ya mvuvi mwenyewe. Linganisha namba iliyoandikwa ubavuni na ile ya kwenye hati, na kwa kuwa boti ilitoka Mwanza, hakikisha usajili umehamishiwa halmashauri ya upande mtakaovulia, maana bwawa lina Dodoma upande mmoja na Iringa upande wa pili. Nenda kwa afisa uvuvi na kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo huo kabla ya kulipa. Wao ndio wanaojua kama chombo kimewahi kukamatwa na nyavu haramu, kama kina deni, na kama kuna kipindi cha kupumzisha bwawa kinachokaribia. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji ukiwa na mashahidi wa pande zote mbili, na ndani yake iandikwe namba ya mashine kama ilivyogongwa kwenye kibati chake. Kibati kikiwa kimeng'olewa au kusuguliwa kwa tupa, mashine hiyo iache hapo hapo ilipo, hata kwa bei ya bure.

Mpwa wako asikose kuwepo tangu jioni ya kwanza, na alale mwaloni, maana mtu anayetaka kuuza boti inayovuja anaweza kuamka saa tisa za usiku na kufua maji yaliyomo.